Kilichoanzisha Kesha na Kinacholiendeleza

Mhadhara uliosomwa mbele ya hadhara mjini Mumias



Katika adha zote zinazompata binadamu mwenye siha ya wastani, asiyelazwa hospitali wala kuhesabiwa miongoni mwa wagonjwa, siijui moja inayodharauliwa na jirani na kumwelemea mwenyewe kama kukosa usingizi. Kwani mwenye jipu hupewa pole, na mwenye homa hupikiwa uji, lakini anayesema kwamba amekesha usiku kucha, ilhali hakuwa na mgonjwa wa kumuuguza wala maiti wa kumlilia, huambiwa apunguze mawazo, kana kwamba mawazo huondoka kwa kuamriwa yaondoke. Wala sikusudii kusema juu ya usiku mmoja au miwili ya kugaagaa kabla ya harusi au safari, jambo ambalo humpata kila mtu na kumpita. Matabibu huihesabu hali hii kuwa maradhi ya kudumu pale mtu anapotatizika kulala angalau siku 3 katika juma, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, na mchana wake ukaharibika kwa ajili hiyo, ingawa alikuwa na nafasi ya kutosha ya kulala. Naomba sharti hilo la mwisho lishikwe vizuri, maana mama mwenye mtoto mchanga na mlinzi wa lango hawakukosa usingizi; walichokosa ni nafasi, na dawa ya kukosa nafasi haipatikani kwa tabibu.

Mji huu una ujuzi wa siku nyingi katika jambo la kukesha. Ulipokuwa ungali ukiitwa Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, mfalme wa Wawanga aliyekuwa baba yake Nabongo Mumia, ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani ikielekea Buganda. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alifika hapa mwaka 1883, na Askofu James Hannington aliiacha hapa sehemu kubwa ya msafara wake mwaka 1885 alipokwenda Busoga, ambako aliuawa. Watu wa safari zile walilala kwa zamu, wengine wakiota moto na kusikiliza giza, na hakuna aliyemwita mwenye zamu mgonjwa. Baadaye ikaja sukari: kampuni ikaundwa mwaka 1971, kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973, na kwa kuwa mitambo ya sukari haizimwi jioni na kuwashwa asubuhi, wanaume na wanawake wengi wa Mumias wakajifunza kuuza usiku wao kwa mshahara. Ongezeni daku la Ramadhani, makesha ya ibada ya ndugu zetu Wakristo, na matanga ya huku kwetu, ambayo tangu yalipoingiliwa na disko huwanyima usingizi hata wale wasiomjua marehemu, licha ya kwamba serikali imekwisha kuyapiga marufuku disko hayo mara kadhaa. Basi kukaa macho usiku si jambo geni kwetu. Geni ni kukaa macho bila kuagizwa na mtu, usiku baada ya usiku, huku mwili ukidai kulala na akili ikikataa.

Tumchukue mkulima wa miwa, si fulani mnayemjua, bali mtu wa mfano. Miwa huchukua miezi 18 hadi 24 kukomaa, na katika muda huo mkulima huishi kwa matumaini na kwa mkopo. Karo hulipwa kwa miwa ambayo haijakatwa, na bati hununuliwa kwa miwa ambayo haijapimwa. Malipo yakachelewa, kisha yakachelewa tena, na mwaka 2019 kampuni yenyewe ikawekwa chini ya mrasimu. Mtu huyu alianza kuzinduka saa nane za usiku akifanya hesabu. Hapo sababu ilikuwa dhahiri, na kumwambia asifikiri kungekuwa kumdhihaki. Lakini wako wenzake ambao walikwisha kung'oa miwa wakapanda mahindi, deni likalipwa, mtoto akamaliza shule, na bado saa nane ikifika macho hufunguka kama zamani. Wao wenyewe hustaajabu, na aghalabu hudhani kwamba wamerogwa, au kwamba ubongo umeharibika, maana kilichowaamsha hakipo tena na kuamka kumebaki.

Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Arthur Spielman alilieleza jambo hili mwaka 1987 kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kujulikana na kila mwenye kukesha kuliko jina la dawa yoyote. Alisema kwamba mtu huwa kwanza na maumbile yanayomwelekeza kwenye hali hiyo, kama vile usingizi mwepesi aliozaliwa nao. Kisha hutokea tukio linalouvunja usingizi wake, kama msiba, deni au ugonjwa. Na mwisho huja mambo ambayo mtu huyafanya ili kuurudisha usingizi, na ambayo ndiyo yanayomzuia asiupate tena. Shamba la miwa huungua kwa cheche moja, lakini cheche haiendelezi moto. Kinachouendeleza ni majani makavu yaliyotandaa chini, na anayeitafuta cheche katikati ya moto anapoteza wakati wake. Hayo tu ndiyo niliyokuja kuyasema, na mengine yote nitakayoyataja ni ufafanuzi wake.

Ni mambo gani hayo yanayoendeleza? Aliyelala vibaya jana hujitupa kitandani mapema leo, saa mbili za usiku, ili alipe alichokosa. Asubuhi hukaa chini ya blanketi akingoja usingizi umrudie. Alasiri hujinyoosha kochini. Na kwa kuwa amechoka, hunywa chai ya rangi kikombe juu ya kikombe ili mchana upite. Kila moja katika hayo ni jambo la busara kwa mtu mwenye uchovu, na yote pamoja ni njia ya hakika ya kukesha.

Sababu yake inatokana na namna mwili ulivyoumbwa. Alexander Borbély, mtaalamu wa Uswisi, alionyesha mwaka 1982 kwamba usingizi hutawaliwa na nguvu mbili. Ya kwanza huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho. Dutu iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo saa baada ya saa, na kumtia mtu uzito wa macho, mpaka alale ndipo ipungue. Anayesinzia alasiri ameutumia uzito wa usiku kabla ya usiku kufika, na anayekunywa chai au kahawa ameifungia adenosini mlango, kwa maana kafeini huketi mahali pale pale ambapo adenosini ingeketi. Na nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi na moja jioni, kwa watu wengi, ingali mwilini saa nne za usiku. Nguvu ya pili ni saa ya mwilini, fungu dogo la seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho hupishana, linaloongoza mwili mzima katika zamu za mchana na usiku, na ambalo huseti majira yake kwa nuru ya asubuhi. Wamarekani watatu waliogundua jinsi saa ya namna hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli za mwili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumepewa hapa neema ambayo watu wa Ulaya huililia, kwani mwaka mzima mapambazuko yetu hupishana kwa takriban nusu saa tu. Lakini mtu akikaa chumbani hadi saa mbili za asubuhi, kisha usiku akaikodolea simu yenye mwanga macho yake yakiwa chini ya shuka, neema hiyo ameirudisha kwa mwenyewe.

Liko jambo jingine linaloendeleza kesha, nalo haliko mwilini bali katika matarajio. Tumeambiwa, sijui na nani kwanza, kwamba mtu mzima sharti alale saa 8 mfululizo, na kwamba akizinduka katikati kuna kasoro. Mwaka 2015 wataalamu walitoa matokeo ya kupima usingizi wa jamii tatu zinazoishi pasipo umeme, mojawapo ikiwa Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, wakaona kwamba kwa wastani watu hao hulala kiasi cha saa 6 kasoro kidogo hadi saa 7 na kidogo, wala si zaidi yetu. Utafiti mwingine miongoni mwa Wahadzabe hao hao, wa David Samson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulinipendeza zaidi. Watu wazima 33 walivalishwa vipimo kwa siku 20, na katika usiku wa siku zote hizo dakika ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja hazikuzidi 18. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na kila saa alikuwako mtu aliye macho au aliye katika mang'amung'amu, bila mtu kupanga zamu. Watafiti wakakisia kwamba kutofautiana kwa usingizi kulikuwa ulinzi wa kambi. Yawezekana wamekosea katika kukisia; lakini babu anayezinduka saa tisa za usiku na kujiona mgonjwa, kwa kuwa mjukuu wake wa miaka 19 anakoroma hadi jua kuchomoza, angefarijika sana kujua kwamba porini kule Eyasi kuzinduka kwake kungehesabiwa kuwa desturi ya umri.

Sasa nije kwenye tiba, na hapa nitakaa kidogo, kwani ndiyo iliyowaleta wengi. Tiba yenyewe haina chupa. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama kikubwa cha matabibu wa maradhi ya ndani huko Marekani, kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye kukesha kwa kudumu aanziwe na matibabu ya kurekebisha mwenendo na fikira kabla ya kupewa dawa yoyote. Msingi mmoja wa matibabu hayo uliwekwa na Richard Bootzin mwaka 1972, nao ni kwamba kitanda kiwe mahali pa kulala, na pa haki ya wenye ndoa, basi. Asiyepata lepe la usingizi baada ya kitambo, kama robo saa kwa kukadiria, pasipo kuitazama saa, na ainuke atoke, akae kwenye kiti penye mwanga hafifu, afanye jambo la utulivu lisilo na faida kubwa, na arudi macho yanapokuwa mazito. Na yakikataa tena, ainuke tena. Mtu hukasirika akiambiwa hivi. Husema: nimechoka, nawe waniambia niamke? Lakini kitanda kilichokwisha kuwa baraza la hesabu na majuto hakiwezi kuwa kitanda tena mpaka hesabu zihamishwe. Muislamu aliyezinduka akasali rakaa zake, na Mkristo aliyefungua Zaburi, wote wamefanya vyema, ila nawasihi wasiifanye ibada hiyo kuwa hila ya kulala, kwa maana anayeomba huku akipima kama usingizi unakuja hajaacha kuufukuza.

Msingi wa pili ni wa Spielman mwenyewe, nao ni mgumu zaidi. Mkulima wetu, tuseme, hukaa kitandani tangu saa tatu za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi, yaani saa 9, na katika hizo hulala 6 zilizokatikakatika. Huyo huambiwa aende kitandani saa sita za usiku, aamke saa kumi na mbili ile ile, iwe Jumatatu au Jumapili, awe amelala au hakulala. Juma la kwanza huwa zito, na la pili aghalabu si jepesi. Kisha zile saa 6 huanza kushikana, na pale anapolala kiasi cha sehemu 9 katika 10 za muda aliopo kitandani, huongezewa robo saa, kisha robo nyingine, hadi atosheke. Muda huo usipunguzwe chini ya saa 5. Tena mwenye kifafa, na mwenye maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha, wasijaribu jambo hili pasipo tabibu, kwani kupungukiwa usingizi kwaweza kuyaamsha maradhi yao. Na dereva wa matatu au bodaboda apange siku zake kwa hadhari, kwa sababu barabara ya Bungoma haimsamehe anayesinzia.

Na kailula, yaani usingizi mfupi wa adhuhuri, je? Najua wamo humu wanaoishika kwa kuwa ni sunna, nami siwezi kusimama mbele ya wazee na kuikataza. Nasema tu kwamba dakika 20 za adhuhuri hazifanani na saa mbili za baada ya alasiri, na sunna haikuagiza mtu akorome hadi magharibi.

Kuhusu deni lenyewe na mashaka mengine ya kweli, yapewe wakati wake kabla ya giza. Mtu akae na daftari jioni, aandike anachodaiwa, anachodai, na jambo moja atakalolifanya kesho, kisha alifunge. Haliondoi deni, na anayedai kwamba linaondoa ni mwongo. Ila saa nane ya usiku ikifika, hesabu hukutwa imekwisha kufanywa.

Kutozitaja dawa hadi sasa hakukuwa kwa kusahau. Leo Sternbach alizigundua dawa za ukoo wa Valium, ya kwanza ikauzwa mwaka 1960 na Valium yenyewe mwaka 1963, na kwa miaka mingi dunia ilidhani tatizo limekwisha. Zinafaa kwa muda mfupi, hasa katika msiba mkali. Lakini mwili huzizoea, na anayeziacha ghafla hupatwa na kesha kali kuliko lile la kwanza, ndipo huamini kwamba hawezi kuishi bila hizo. Kwa hiyo aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache peke yake, bali apunguze polepole kwa uangalizi. Wengi huku hawazipati hizo, bali hununua Piriton dukani, dawa ya mzio, kwa sababu humlegeza mtu; baada ya siku chache ulegevu hupungua, ila kinywa kikavu na uzito wa asubuhi hubaki, na kwa mzee mwenye shida ya kukojoa huweza kumzibia mkojo. Chang'aa na bia nazo humlaza mtu upesi, kisha nusu ya pili ya usiku humwamsha mara kwa mara na kiu na moyo unaopiga mbio.

Mtaona kwamba kanuni hii ya kinachoendeleza haikuishia kwenye usingizi. Yuko mwenye kuumwa kichwa kila siku ambaye humeza vidonge vya maumivu kila siku, na laiti angejua kwamba vidonge vya kawaida vikitumiwa siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa miezi mfululizo, vyenyewe huwa sababu ya kuumwa kichwa, wala hapati nafuu mpaka aviache na avumilie siku mbaya zitakazofuata. Yuko mwenye maumivu ya kawaida ya mgongo, aliyeyapata kwa kubeba mafungu ya miwa, ambaye hulazwa chali majuma kadhaa na jamaa wenye huruma, na mgongo ukazidi kukakamaa, ilhali kutembea kidogo kidogo kungemponya mapema. Yuko wa kiungulia ambaye hula kwa kuchelewa, hulala papo hapo, huamka kifua kikiwaka, hunywa chai ya maziwa ili kupoza, na hurudi kulala. Hao wote hawajidhuru kwa ujinga. Wanafuata kile kilichowapa nafuu ya saa moja, na nafuu ya saa moja ni mwalimu mwenye nguvu sana.

Hata hivyo ningedhulumu haki lau ningemwachia mwenye kukesha jukumu lote. Mbu wetu wa malaria huuma zaidi kuanzia kama saa nne za usiku hadi alfajiri, na anayelalamika kwamba joto la chandarua humnyima usingizi hasemi uongo. Lakini atoe nguo nzito, afungue dirisha lenye wavu, asikitoe chandarua. Wala si kila kesha ni la mazoea. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi, kisha akasinzia mchana hata akiwa anaongea, ana maradhi ya njia ya hewa. Anayeinuka kukojoa mara nne apimwe sukari, na akiwa mwanamume wa makamo apimwe tezi dume pia. Anayetoka jasho la usiku na kukohoa apimwe kifua kikuu. Asiyeweza kupumua akilala chali apimwe moyo. Mjamzito, au mtu mwenye upungufu wa damu, ambaye miguu humtambaa na kumlazimisha aitikise kila anapojilaza, huenda amepungukiwa madini ya chuma, na kwa huyo kipimo cha damu chafaa kuliko mashauri yangu yote. Na anayezinduka saa kumi alfajiri kila siku akiwa na huzuni isiyo na sababu, asiyefurahia tena chakula wala watoto wake, ana sonona, naye asiachwe nyumbani aambiwe apunguze mawazo.

Wamebaki watu wa zamu: walinzi, wauguzi, wenye mitambo, waendesha bodaboda wa usiku. Kwao sharti la kuamka saa ile ile halitekelezeki, na sitawalaghai kwamba kuna tiba itakayoufanya mchana uwe usiku. Yako machache yanayosaidia. Kabla ya zamu ya kwanza mtu alale kidogo alasiri, maana kwake yeye usingizi huo ni akiba. Chai ya mwisho ainywe kabla ya nusu ya zamu kupita. Dirisha la chumba lizibwe kwa shuka nyeusi au kipande cha turubai, na watu wa nyumbani waelewe kwamba saa nne za asubuhi ndiyo usiku wake wa manane, wasimwamshe aje asalimie wageni. Na yule anayetoka kazini alfajiri na kurudi kwa pikipiki, akihisi macho yanafunga, ajilaze kwanza dakika 20 pale pale kazini, hata kwenye benchi la mlinzi, kabla ya kushika usukani.